Uonevu Miongoni mwa Wanafunzi: Jinsi ya Kuutambua, Kuuzuia na Mahali pa Kutoa Taarifa

Mtoto anapoacha kwenda shule, swali la kwanza linaloulizwa katika ofisi nyingi za mtaa na kijiji ni iwapo mzazi wake ametimiza wajibu wa kumpeleka. Swali hilo ni halali. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na mzazi asiyehakikisha kuwa mtoto wake anahudhuria masomo anaweza kufikishwa mahakamani. Lakini lipo swali la pili ambalo huulizwa mara chache, nalo ni hili: je, mtoto huyu anamkimbia nani?

Sehemu ya jibu hupatikana katika jambo ambalo wazazi wengi hulichukulia kuwa hatua ya kawaida ya kukua, yaani uonevu unaofanywa na wanafunzi dhidi ya wanafunzi wenzao. Kwa wakazi wa Kata ya Ramadhani katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, na kwa wenzao wa Halmashauri ya Mji wa Makambako, mji uliopo pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, jambo hili lina sura zake zinazotokana na hali ya mkoa wenyewe. Makala haya yanaeleza uonevu ni nini, unatofautianaje na utani, sheria za nchi zinasema nini, na mzazi, mwalimu au jirani achukue hatua gani anapoubaini.

Maana ya uonevu

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Wavulana wawili wenye umri na nguvu zinazolingana wakigombania mpira, wakapigana na kesho yake wakacheza pamoja, huo ni ugomvi. Mwalimu atawaonya na mambo yataisha. Uonevu ni jambo la namna nyingine. Mtaalamu wa saikolojia Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya sehemu kubwa ya kazi zake nchini Norway, alianza kuuchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maana aliyoijenga ndiyo inayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Kwa mujibu wa maana hiyo, uonevu una nia ya kuumiza, hurudiwa mara kwa mara, na hufanyika pale ambapo anayeonewa hana uwezo wa kujitetea mbele ya anayemwonea.

Sharti hilo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Kutolingana kwa nguvu si suala la misuli peke yake. Mwanafunzi mmoja mbele ya kundi la watano hana nguvu, hata akiwa mrefu kuliko wote. Vivyo hivyo mgeni mbele ya wenyeji, mwenye ulemavu mbele ya asiye na ulemavu, asiye na wazazi mbele ya mwenye wazazi wanaojulikana mjini, na mwanafunzi wa kawaida mbele ya kiranja.

Uonevu huweza kuwa wa kipigo, kunyang'anywa chakula, daftari au nauli, kutumwa kazi za kitumwa, kupewa majina ya kudhalilisha, kusingiziwa, kuguswa mwili bila ridhaa, au kutengwa kabisa na wenzake darasani na uwanjani. Aina hii ya mwisho haiachi alama mwilini, kwa hiyo watu wazima huidharau. Mtoto ambaye hakuna anayekaa naye, hakuna anayemjibu na hakuna anayempokea katika kundi la usafi anaumia kama anayepigwa, tena hana kidonda cha kumwonesha mwalimu.

Tatizo hili si la Tanzania pekee. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja uliotangulia. Kutokana na hali hiyo, kuanzia mwaka 2020, Alhamisi ya kwanza ya mwezi Novemba huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Kupinga Ukatili na Uonevu Shuleni, ikiwemo uonevu wa mtandaoni.

Utani na mipaka yake

Mtoto anapolalamika kuwa anaitwa jina asilolipenda, jibu analopewa mara nyingi nyumbani na shuleni ni fupi: "Wanakutania tu." Jibu hilo lina uzito kwa sababu utani ni mila inayoheshimika nchini. Wangoni na Wahehe, ambao babu zao walipigana vita, leo wanataniana. Wanyamwezi na Wazaramo nao wana utani uliotokana na safari za misafara ya kwenda pwani. Watanzania wana haki ya kujivunia mila iliyowafundisha makabila yaliyowahi kushikiana mikuki kuchekana bila kudhuriana.

Lakini utani una kanuni, na yeyote aliyekulia katika mila hiyo anazijua. Utani ni wa pande mbili: anayetania leo anajua kwamba kesho atataniwa, na hana haki ya kununa. Utani hufuatana na wajibu. Mtani aliyekuja msibani akafanya vituko mbele ya wafiwa ndiye huyo huyo anayesaidia kazi za mazishi, na mtani wake akipata shida njiani, atamsaidia. Tena utani hutaja ukoo au kabila. Hauchagui mtu mmoja mnyonge na kumwandama kila siku kwa sababu ya mguu wake, mama yake au sare yake iliyochanika.

Jina la kudhalilisha linaloitwa kila asubuhi na wanafunzi 20 kwa mmoja, naye asiweze kuwaita lolote, halitimizi hata kanuni moja kati ya hizo. Anayelitetea kwa kuliita utani anaitumia mila vibaya. Kipimo rahisi kwa mwalimu au mzazi asiye na uhakika ni kuangalia kama wote wawili wanacheka, kama wanabadilishana nafasi, na kama mmoja akisema basi, mwingine anaacha.

Hali ya Mkoa wa Njombe

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, unajulikana kwa viazi, chai, parachichi na mbao, na hauna sifa ya njaa. Hata hivyo, takwimu mbili za afya zinamhusu moja kwa moja yeyote anayefuatilia uonevu shuleni, ingawa hazikukusanywa kwa lengo hilo.

Ya kwanza ni udumavu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 30. Watoto waliopimwa mwaka huo ndio wanaoingia sasa katika madarasa ya awali na ya msingi. Mtoto aliyedumaa huwa mfupi kuliko umri wake na anaweza kuchelewa kushika masomo. Mambo hayo mawili, umbo dogo na kubaki nyuma darasani, ni miongoni mwa yale ambayo watoto huyatumia kumdhihaki mwenzao. Elimu ya lishe inayotolewa katika kata ina uzito wa ziada katika jambo hili.

Takwimu ya pili ni ya Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/23 uliitaja Njombe kuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi nchini, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Maana yake katika shule ni kwamba wapo wanafunzi waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wapo wanaolelewa na bibi, na wapo wanaotumia dawa za kufubaza virusi wao wenyewe. Mwanafunzi wa bweni anayetumia dawa hizo anapaswa kuzimeza kila siku kwa saa ile ile, katika chumba ambacho wenzake wanaona kila anachotoa katika sanduku lake. Akichekwa, ataficha dawa. Akiendelea kuchekwa, ataacha kuzimeza. Hapo uonevu hautishii tena masomo yake tu, unatishia uhai wake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda usiri wa hali ya afya ya mtu, na katazo hilo halikomei kwenye lango la shule. Matroni au patroni anayepanga utaratibu wa siri wa mwanafunzi kumezea dawa ofisini kwake anatimiza sheria na anamwokoa mtoto kwa pamoja.

Lipo pia kundi jipya linalostahili uangalizi. Tangu Waraka wa Elimu wa mwaka 2021, wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika shule za mfumo rasmi. Serikali imewafungulia mlango. Iwapo msichana huyo atakaa darasani au atatoroka baada ya wiki tatu, hilo hutegemea zaidi atakachoambiwa na wenzake siku ya kwanza anapoingia, na sauti ya mwalimu atakayekuwa wa kwanza kuwanyamazisha au kucheka nao.

Kuhusu baridi, ambayo wageni wa Njombe huizungumzia kama kichekesho, kuna hoja ndogo ya kuongeza. Mwezi Juni na Julai, sweta si pambo. Mtoto aliyekuja bila sweta, au na sweta ya kaka yake iliyotoboka viwiko, anaonekana na shule nzima tangu mstarini. Kamati za shule zinazokusanya masweta ya wanafunzi waliohitimu na kuyagawa kimyakimya kabla ya msimu huo huwaondolea wanaodhihaki sababu moja.

Wageni wa kidato cha kwanza na mamlaka ya viranja

Kipindi cha hatari zaidi katika mwaka wa masomo kinajulikana. Ni wiki za mwanzo za Januari, kidato cha kwanza kinapoingia, na Julai, kidato cha tano kinaporipoti. Katika baadhi ya shule za bweni bado upo mtindo wa "kumkaribisha njuka": mwanafunzi mgeni huamriwa kufua nguo za wakubwa, kuwachotea maji, kuwapa sehemu ya chakula chake, kulala chini au kuimba usiku mbele ya bweni zima. Wanaofanya hivyo hujitetea kwamba nao walifanyiwa. Utetezi huo unaeleza namna mtindo unavyorithiwa, wala hauuhalalishi. Kila kundi linalovumilia mwaka wa kwanza hujiona lina deni la kulipwa na kundi linalofuata.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumtendea mtoto jambo lolote la kikatili au la kumdhalilisha utu, na hakikuweka msamaha kwa mila za mabweni. Chini ya sheria hiyo, mtoto ni kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18.

Suala la viranja linahitaji maelezo ya wazi, kwa sababu wazazi wengi hawaijui sheria. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu mamlaka hayo kwa maandishi, kutoa adhabu isiyozidi viboko vinne, na adhabu hiyo lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Hakuna mahali ambapo kanuni hizo zinampa mwanafunzi mamlaka ya kumchapa mwanafunzi mwenzake. Kaka mkuu, dada mkuu au kiranja wa bweni anayeshika fimbo hatekelezi kazi ya shule. Anampiga mtoto wa mtu, na mwalimu aliyemkabidhi fimbo hiyo amevunja kanuni.

Historia ya majirani inaonesha mwisho wa njia hiyo. Mwezi Mei 1999, huko Nyeri nchini Kenya, viranja wanne wa shule moja ya sekondari ya wavulana waliuawa baada ya wanafunzi wenzao kuwamwagia petroli na kuwachoma moto usiku katika vyumba vyao. Hakuna kinachoweza kuhalalisha mauaji yale. Lakini shule inayowaachia wanafunzi wachache kazi ya kuwaadhibu wenzao inawaweka wote katika hatari, wanaoadhibiwa na wanaoadhibu.

Jambo hili lina uhusiano na lile linalofanywa na watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, mikononi mwa ndugu, mwenza au watu wenye mamlaka kama walimu. Mtoto aliyeona nyumbani na darasani kwamba mwenye nguvu hupiga na mnyonge hunyamaza hahitaji kufundishwa uonevu na mtu mwingine.

Wanaotazama

Katika tukio la uonevu, macho ya watu wazima huwaangalia wawili: anayeonea na anayeonewa. Utafiti uliofanywa nchini Finland na Christina Salmivalli na wenzake, uliochapishwa mwaka 1996, uliwaangalia wengine wote. Walibaini kuwa karibu kila mwanafunzi darasani ana nafasi yake. Wapo wanaomsaidia kiongozi wa uonevu, wapo wanaomchochea kwa kicheko, wapo wanaojitenga wakajifanya hawaoni, na wapo wachache wanaomtetea anayeonewa. Anayeonea hutafuta heshima mbele ya kundi, na kundi likikosa kucheka, faida yake inapungua. Matokeo hayo ndiyo yaliyozaa programu ya KiVa ya Chuo Kikuu cha Turku, ambayo ilianza kutumika katika shule nyingi za Finland mwaka 2009. Programu hiyo huwafundisha zaidi wale wanaotazama.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi yenye darasa la wanafunzi 80, habari hii ni ya kutia moyo kuliko inavyoonekana. Hana uwezo wa kumlinda kila mtoto kila dakika, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 na kuongeza idadi ya wanafunzi. Lakini anaweza kulifundisha darasa zima mambo mawili: kutocheka, na kwenda kukaa na aliyechekwa. Jambo la pili ni muhimu zaidi ya la kwanza. Mtoto anayeonewa akiwa na rafiki mmoja wa kutembea naye kwenda nyumbani si windo rahisi tena.

Ushahidi kwamba shule zinaweza kubadilika upo karibu pia. Nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango unaowahusisha walimu, wanafunzi na wazazi katika kujenga shule isiyo na ukatili. Mpango huo ulipimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa ukatili wa kimwili wa watumishi wa shule dhidi ya wanafunzi ulipungua kwa asilimia 42 ndani ya miezi 18. Hapakuwa na vifaa vya gharama. Kulikuwa na mikutano, kamati za wanafunzi, kanuni zilizobandikwa ukutani baada ya kujadiliwa, na uongozi wa shule uliokubali kusikiliza.

Dalili na hatua za mzazi

Watoto wengi hawasemi. Wengine wametishwa, wengine wanaona aibu, na wengine walisema mara ya kwanza wakaambiwa wajitetee. Kwa hiyo mzazi hana budi kusoma dalili. Mtoto hulalamika tumbo au kichwa kila asubuhi ya siku za shule na kupona Jumamosi. Anarudi na njaa ilhali alipewa chakula au fedha. Madaftari na kalamu vinapotea mara kwa mara. Anabadilisha njia, anachelewa kuondoka, au anaomba kuhamishwa shule bila kueleza sababu. Alama zake zinashuka ghafla. Mtoto mdogo anaweza kuanza tena kukojoa kitandani. Dalili moja haitoshi kuthibitisha, lakini zikikutana mbili au tatu, mzazi asisubiri taarifa ya maendeleo ya mwisho wa muhula.

Kuuliza nako kuna namna yake. Swali la "nani anakupiga?" humfunga mtoto mdomo. Afadhali kuuliza alikaa na nani wakati wa mapumziko, alirudi nyumbani na nani, ni mahali gani shuleni asipopenda kupita. Akianza kueleza, asikatizwe, asilaumiwe, na asiahidiwe kwamba habari itabaki siri, kwa maana haitabaki. Aambiwe kwamba amefanya vizuri kusema.

Ushauri wa "na wewe mpige" umezoeleka sana, hasa kwa wavulana, na ni mbaya. Uonevu kwa maana yake ni hali ambayo mtoto hana nguvu za kujibu. Angekuwa nazo, asingeonewa. Kumrudisha akapigane ni kumrudisha akapigwe tena, na safari hii ajione amewaangusha na wazazi wake. Akifaulu kumjeruhi mwenzake kwa jiwe au wembe, kesi itakuwa yake.

Mzazi aende shuleni mwenyewe, na asiende kumpiga wala kumfokea mtoto wa mwenzake njiani. Aandike tarehe, mahali na kilichotokea, aonane na mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na aombe kuelezwa hatua zitakazochukuliwa na siku ya kurudi kupata mrejesho. Shule nyingi pia zina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, ambalo wanafunzi wenyewe wanaweza kulifikia, na ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, ambao unaweza kulibeba jambo linalowagusa wanafunzi wengi.

Kwa upande wa shule, kosa linalofanyika kwa nia njema ni kuwaita watoto wawili ofisini, kuwataka wapeane mikono na kulifunga jambo. Suluhu ya namna hiyo inafaa kwa ugomvi wa walio sawa. Katika uonevu, humlazimisha aliyeumizwa kumsamehe aliyemuumiza mbele ya mtu mzima, kisha wote wawili hutoka nje ya mlango ambako mwalimu hayupo. Wahojiwe kila mmoja peke yake, wanaotazama nao wahojiwe, na mwenendo wa anayeonea ufuatiliwe kwa wiki kadhaa. Ukaguzi wa mahali ni muhimu kuliko hotuba za mstarini, kwa kuwa uonevu una makazi yake: vyoo, kisima, jiko, bweni baada ya taa kuzimwa, na njia ya kurudi nyumbani.

Anayeonea naye ni mtoto. Mara nyingi ana yake nyumbani ambayo hayajulikani. Kumfukuza shule haraka huhamishia tatizo mtaani au shule jirani, na kanuni za kuwafukuza na kuwasimamisha wanafunzi zina utaratibu wake ambao mkuu wa shule hawezi kuuruka. Adhabu inayomfaa ni ile inayomfanya arekebishe: arudishe alichonyang'anya, aondolewe cheo alichokitumia vibaya, na akutane na mshauri pamoja na mzazi wake.

Sheria na mahali pa kutoa taarifa

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Neno linalotumika ni wajibu. Jirani aliyeona, mwendesha bodaboda anayebeba wanafunzi, mama anayeuza maandazi nje ya uzio wa shule, wote wanahusika, si wazazi wa mtoto peke yao.

Taarifa inaweza kupelekwa kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji, Mtendaji wa Kata, Afisa Elimu Kata au Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kata pia zina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ambao awamu yake ya pili inaanza mwaka 2024/25 hadi 2028/29. Asiyetaka kujulikana, au mtoto mwenyewe asiye na wa kumweleza, anaweza kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Tukio likihusisha jeraha, silaha au ukatili wa kingono, halimalizwi katika kikao cha kamati ya shule wala cha familia mbili. Mtoto apelekwe kwanza katika kituo cha kutolea huduma za afya, na taarifa itolewe katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha Polisi. Katika ukatili wa kingono, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na mtaalamu wa afya, na afikishwe ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya VVU. Mtuhumiwa akiwa mtoto, shauri lake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, na sheria hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani.

Uonevu wa kwenye simu nao una sheria yake. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini picha iliyopigwa bwenini wakati wa likizo au ujumbe uliosambazwa katika kundi la WhatsApp humfuata mtoto hadi kitandani. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia. Mtu mzima anayetiwa hatiani hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mzazi anayepata ujumbe wa aina hiyo asiufute na asiusambaze, hata kwa lengo la kulalamika. Auhifadhi pamoja na namba iliyoutuma na tarehe, kisha aupeleke Polisi.

Shule inayopokea taarifa inashauriwa kuiingiza siku hiyo hiyo katika kitabu cha matukio, ikitaja saa, mahali, waliokuwepo na hatua iliyochukuliwa. Afisa Elimu Kata anapofanya ziara ya ufuatiliaji, anaweza kukilinganisha kitabu hicho na daftari la mahudhurio. Majina ya watoro yanapojirudia katika kurasa za vitabu vyote viwili, jibu la swali la nani anakimbiwa huwa limekwishaandikwa.